Hesabu ya Boriti

Katika hesabu zote za mhandisi wa majengo, ile ya nguvu inayotaka kuikata boriti ndiyo nyepesi kuliko zote: ni kujumlisha na kutoa tu. Kwangu mimi ndiyo inayostahili heshima kubwa, maana inafichua hatari ambayo jicho la fundi huiona kinyume. Chukua boriti ya mita 6 juu ya nguzo mbili, kila mita ikibeba kilonyutoni 20. Mzigo wote ni 120, na kila nguzo inapokea 60. Weka katikati tangi la maji la lita 3,000, yaani kama kilonyutoni 30 likijaa, na kila nguzo inapokea 75. Fundi mwangalifu atashauri tangi lisogezwe hadi mita 1 kutoka kwenye nguzo, na katika suala la kupinda yuko sahihi kabisa: kipimo chake kinashuka kutoka kilonyutoni-mita 135 hadi karibu 106. Sasa hesabu nguvu ya kukata kuanzia nguzo hiyo: 85 mwanzoni, 65 ukifika kwenye tangi, 35 ukilivuka, sifuri kwenye mita 2.75. Kupinda kumepungua, kukata kumepanda kutoka 75 hadi 85.

Watu watasema mababu walijenga Lamu na Unguja bila karatasi, na nyumba zingali zimesimama. Ni kweli, ila boriti za mikoko ni fupi, na ndiyo sababu vyumba vile ni vyembamba. Uzoefu huo hauvuki salama hadi kwenye zege la mita 6. Isitoshe, boriti inayolemewa kwa kupinda kwa kawaida hubonyea kwanza, watu wakapata kukimbia. Ya zege isiyo na ringi za kutosha, yaani pete za chuma zinazozifunga nondo, hupasuka mshazari karibu na nguzo, ghafla. Pingamizi zito zaidi ni la Shelby, Ohio, ambako mwaka 1955 sehemu ya paa la ghala la jeshi la anga la Marekani ilianguka ikibeba uzito wake tu, ingawa hesabu zake zilifuata kanuni za wakati huo. Lakini kasoro haikuwa katika kujumlisha na kutoa; zege bila ringi lilikuwa limeaminiwa kupita uwezo wake, na kanuni zikarekebishwa.

Kwa hiyo, wewe unayejenga, kabla zege halijamwagwa panda ngazi na mchoro mkononi, ukague nafasi za ringi karibu na kila nguzo. Zege likishamwagwa, hazionekani tena.