Hongereni, Wapima Ardhi wa Morogoro

Kabla ya nyumba, barabara au bomba la maji, hutangulia kijana mwenye panga na mwenzake mwenye darubini ya upimaji, wakifyeka vichaka ili waonane. Wengine wamefundwa hapahapa, Chuo cha Ardhi Morogoro. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ilipoanza safari zake mwaka 2024, Dar es Salaam ilisogea jirani. Milima ya Uluguru imeziba kusini, hivyo mji unatanukia Kihonda na Mkundi, na wapimaji hutangulia huko. Wanapopima hukumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kando ya mto. Bikoni moja ya zege, alama ya mpaka wa kiwanja, huzuia kesi ya miaka kumi (mawakili watanisamehe). Wenye viwanja, tuache kuzing'oa bikoni usiku.