Kifurushi, Tegemeo na Kiraka: Uhakiki wa Istilahi za Utunzaji wa Programu

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Hatua hiyo ilithibitisha kwamba karani aweza kuandika barua na kupanga hesabu kwa kompyuta pasipo kuazima lugha nyingine. Lakini istilahi za mtumiaji ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni istilahi za fundi, yaani yule anayezikusanya programu za mfumo wa Linux, akazikagua, akazirekebisha na kuzigawa. Katika makala haya tunakusudia kupima maneno manne ya fani hiyo.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Katika Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, programu haitoki kwa mtungaji ikaenda moja kwa moja kwa mtumiaji. Hupitia kwa mtunzaji, ambaye huifunga pamoja na maelezo: jina, toleo, na programu nyingine zinazohitajika ili ifanye kazi. Ikionekana kasoro, hurekebishwa, na aghalabu marekebisho hayo hupelekwa kwa mtungaji wa asili ili naye ayapokee.

Kitu hicho kilichofungwa huitwa kifurushi. Neno ni zuri kwa maana yake ya asili, ila makampuni ya simu yamekwisha kulitwaa: kwa wengi leo kifurushi ni muda wa maongezi au intaneti, kitu chenye kununuliwa na kuisha. Je, robota lingefaa zaidi? Hatudhani. Mfanyabiashara wa mitumba wa Kariakoo hununua robota asijue kwa hakika kilichomo, ilhali sifa kuu ya kitu tunachokitaja ni kwamba yaliyomo yameorodheshwa. Paketi nalo linahitajika kwa dhana nyingine ya mawasiliano ya mtandao. Kwa hiyo tungeshauri kifurushi kibaki, lakini katika maandishi rasmi kiitwe kifurushi cha programu.

Neno la pili ndilo lenye hatari. Kwa programu ambayo nyingine huihitaji, neno linalomjia mfasiri kwanza ni tegemezi. Lakini mtoto tegemezi ni yule anayemtegemea mzazi, si mzazi mwenyewe. Basi tukiita maktaba ya herufi tegemezi la programu ya kuandikia, tumeupindua uhusiano wote. Kosa hili si la nahau tu. Fundi anayeamriwa na kompyuta athibitishe kuondolewa kwa tegemezi anaweza kukubali kuondoa programu anayoitaka, akidhani anaondoa ile iliyoisaidia. Istilahi sahihi ni tegemeo, kwa wingi mategemeo. Na tegemezi libakie kwa upande ulio tegemezi kweli.

Kiraka, kwa maana ya mistari michache inayobadilisha programu mahali penye kasoro, tunaliunga mkono. Wako wanaolidharau kwa kuwa lanuka umaskini. Hoja hiyo haina uzito. Kiraka cha fundi cherehani huokoa vazi zima, na mashabiki wa kandanda nchini humwita kiraka mchezaji awezaye kuziba nafasi yoyote, nao humsifu kwa hilo.

La nne ni imara. Debian hugawa vifurushi katika matabaka, na lile linalopewa watumiaji wa kawaida mara nyingi hufasiriwa kuwa toleo imara. Imara ni kinyume cha dhaifu. Lakini tabaka lile halikuitwa hivyo kwa sababu ya nguvu, bali kwa sababu halibadiliki ovyo. Anayesoma kuwa tabaka jingine si imara ataliona bovu, kumbe ni lile ambalo bado linapokea mambo mapya. Tulivu na lisilotulia yangeieleza dhana kwa uaminifu zaidi.

Mafundi wa Kariakoo hawatungoji. Kwao kompyuta haisakinishwi mfumo, hupigwa windo. Hili lisitushangaze, maana hata jina Kariakoo lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, likaswahilishwa na wakazi bila kikao chochote. Kusakinisha ni neno lenye mantiki, kwa kuwa sakini ni kukaa. Lakini neno lisilofika kwenye meza ya fundi litabaki katika orodha.

Hatimaye, tafsiri nayo yahitaji mtunzaji. Mwaka 2005, mwaka mmoja tu baada ya Jambo, OpenOffice ilitoa toleo lake la pili, na mwaka 2010 LibreOffice ikajitenga nayo. Kila toleo huleta maneno mapya, na tafsiri isiyofuatwa huanza kuchakaa siku ile ile inapozinduliwa. Tunapendekeza basi kwamba kila orodha ya istilahi za kompyuta iwe na mtu anayejulikana wa kuitunza, ijaribiwe na mafundi kabla ya kusanifishwa, na irekebishwe kila kasoro inapoonekana. Walimu na wafasiri wenye maoni tofauti kuhusu maneno haya manne tunawaomba watoe hoja zao.