Fundi Anayesoma Kabla ya Kubonyeza

Kwa aliyezoea mtandao usiokatika, kuweka programu kwenye Linux ni amri ya mstari mmoja. Unaandika "apt install" na jina la programu, unabonyeza, unasubiri. Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, amri ni ileile, ila kabla yake na baada yake kuna kazi ambayo mjini haionekani. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu, maana wanaoifanya vizuri ni wachache na hakuna anayewapigia makofi.

Inaanzia Bujumbura. Fundi mmoja ninayemfahamu huhudumia ofisi na vituo vya afya vya ukanda wa ziwa, kuanzia Rumonge mjini hadi Nyanza-Lac. Barabara ya RN3, ileile inayopandisha mawese na ndagala mjini, humshusha na diski yake ndogo ndani ya mfuko wa nailoni. Intaneti ya Burundi husafiri nchi kavu kupitia nchi jirani hadi ipate nyaya za baharini, kama SEACOM na EASSy zinazotua Dar es Salaam. Ukishafika mwambao wa ziwa, watu wengi hubaki na megabaiti za simu zinazolipiwa kabla. Kupakua seva nzima kwa megabaiti hizo ni kuchoma pesa, na ikikatika katikati unaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo hupakua vyote mjini.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Ukiiambia apt ipakue bila kusakinisha, itakuletea tu vile vinavyokosekana kwenye mashine unayoitumia wakati huo. Kama kompyuta yako ya mjini tayari ina maktaba fulani, apt itairuka, na kilomita 70 baadaye utagundua kwamba seva ya Rumonge haina maktaba hiyo. Kwenye familia ya Red Hat mtego ni uleule: "dnf download --resolve" huacha vitegemezi vilivyokwisha kuwapo, mpaka uongeze "--alldeps". Yeye ana mashine tupu kwenye kompyuta yake, pacha wa ile anayokwenda kuihudumia, toleo lilelile, haina kingine chochote. Hupakulia humo tu. Kisha hufungua pacha mwingine, huzima mtandao, na kusakinisha kutoka kwenye diski kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kikikosekana kifurushi kimoja, kinakosekana akiwa bado Bujumbura.

Wakongwe wa kazi hii wanaikumbuka ShipIt, mpango wa Canonical uliotuma CD za Ubuntu bure kwa posta hadi ulipofungwa mwaka 2011. Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki bahasha ile ilikuwa Linux yao ya kwanza. Debian bado inatoa DVD yake ya kwanza, unaipakua mara moja, na amri ya "apt-cdrom add" huifanya kuwa chanzo halali cha vifurushi. Kwa mwambao huu hiyo ni hazina, na naona inadharauliwa bila sababu.

Akifika kazini huanza na saa. Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila umeme, na kibetri chake cha kwenye ubao kimekufa, huamka ikiamini kwamba tuko miaka ya nyuma. Ukiiunganisha na mtandao kutafuta masasisho ya usalama, apt husoma faili la Release lililosainiwa wiki hii, hulinganisha na saa ya mashine, na kutamka kwamba faili hilo bado halijaanza kutumika. Vyeti vya tovuti salama navyo hukataliwa kwa sababu hiyohiyo. Asiyejua huulaumu mtandao na kwenda kununua megabaiti nyingine. Yeye huandika "date", hutazama simu yake, na kurekebisha.

Halafu hutafuta mahali. Tangu ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na maji kuingia nyumba za karibu na bandari, haweki seva sakafuni hata kama ofisi iko mbali na ufuo. Ni kibao kilichofungwa ukutani, juu ya usawa wa meza.

Kila distro, yaani kila mkusanyo wa Linux, ina tabia zake, na fundi mzuri hazilazimishi zifanane. Chukua hifadhidata ya PostgreSQL. Kwenye Debian na Ubuntu, kusakinisha kukiisha, hifadhidata imekwisha kuundwa, imewashwa, na mipangilio yake iko /etc/postgresql. Kwenye AlmaLinux au Rocky, za familia ya Red Hat, unapata programu iliyolala: unaiandaa mwenyewe kwa "postgresql-setup --initdb", unaiwasha kwa "systemctl enable --now", na mipangilio yake inakaa pamoja na data, /var/lib/pgsql. Seva ya wavuti ya Apache huku inaitwa apache2, kule inaitwa httpd. Mimi napenda zaidi utaratibu wa Red Hat, kwamba huduma haifunguki mpaka mtu aseme ifunguke. Yeye hana upendeleo. Akiwa na Debian huchomoa waya wa mtandao kabla ya kusakinisha, huweka nywila na mipaka, ndipo aurudishe.

Mfano unaoonyesha ugumu wa kazi hii ni programu za Java. OpenClinic GA, programu huria ya hospitali inayotumika katika hospitali kadhaa za Burundi, inasimama juu ya Java, Tomcat na MySQL, na hivyo vitatu havipatikani kwa namna moja kila mahali. Debian iliiweka MariaDB mahali pa MySQL tangu toleo la 9, mwaka 2017. Ubuntu ilibaki na MySQL. Debian 12 ya Juni 2023 inakuja na Tomcat 10, na seva ya Tomcat 9 haimo tena. Namba inaonekana imesogea kidogo tu, lakini Tomcat 10 ilibadilisha majina ya ndani ambayo programu za Java huyatumia, kutoka javax kwenda jakarta. Programu iliyoandikwa enzi za Tomcat 9 utaiweka bila tatizo, usakinishaji utamalizika vizuri, halafu ukurasa hautafunguka. Anayesakinisha kwa mazoea atashinda hapo siku nzima. Anayesoma kwanza atachagua Ubuntu 22.04 ambayo bado ina tomcat9, au ataiweka Tomcat 9 ya Apache wenyewe ndani ya /opt, na mtumiaji wake na faili lake la systemd, akijua kwamba kuanzia siku hiyo masasisho ya usalama ya kipande hicho ni mzigo wake, apt haitamkumbusha.

Na uchaguzi wa distro ni ahadi ya miaka. Waliojenga juu ya CentOS 8, ya familia ya Red Hat, waliahidiwa matengenezo hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat ikatangaza kwamba yataisha mwisho wa 2021. AlmaLinux na Rocky zilizaliwa kutokana na hilo.

Siku moja nilimkuta na kijana anayejifunza kwake. Walikuwa na AlmaLinux, nginx mbele, Tomcat nyuma. Kila huduma ilikuwa hai, ukuta wa kinga ulikuwa umefunguliwa panapostahili, lakini kivinjari kilirudisha kosa la 502. Kijana alikwisha kusoma mahali fulani kwamba dawa ni kuizima SELinux, mlinzi wa ndani wa mfumo.

"Kaka, si tuizime tu?"

"Ngoja kwanza, mdogo wangu. Logi inasemaje?"

Kijana akafungua logi ya nginx. Ruhusa imekataliwa wakati wa kuunganisha na seva ya nyuma. Fundi akamwambia aandike "ausearch -m avc -ts recent" na asome kwa sauti, neno kwa neno: nani alikataliwa, alitaka kufanya nini, kwenye mlango gani. Jibu lilikuwa mlemle. SELinux huizuia seva ya wavuti isiunganishe mahali pengine kupitia mtandao mpaka ipewe idhini. Kijana akaandika "setsebool httpd_can_network_connect 1", ukurasa ukafunguka, akatabasamu. Fundi akamwuliza kitakachotokea umeme ukikatika. Kijana akaitazama amri yake muda mrefu, kisha akairudia akiongeza "-P", herufi inayoifanya idhini ibaki hata mashine ikizimika na kuwaka. Mahali pengine kosa hilo lingejificha miezi. Rumonge lingejulikana jioni ileile.

Umeme, kwa kweli, ndio mtihani mkuu. Kwa uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka hii, jenereta haitegemewi, na betri huzeeka. Nimeona umeme ukikatika vifurushi vikiwa katikati ya kuwekwa. Wengi hapo hufuta diski na kuanza upya. Lakini dpkg huandika hali ya kila kifurushi katika /var/lib/dpkg/status: hiki kimefunguliwa tu, hiki kimepangiliwa nusu, hiki kimekamilika. Mashine ikiamka, "dpkg --audit" huorodhesha vilivyokwama, "dpkg --configure -a" humalizia palepale kazi ilipoachwa, na "apt -f install" huziba vitegemezi vilivyopungua. Kwa upande wa Red Hat "dnf history" huonyesha kila tendo na namba yake. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na tangu hapo watu wa kujitolea wameendelea kuitunza, kila kifurushi na mtunzaji wake. Nikimwona fundi akimalizia kazi iliyokatwa na giza bila kupoteza rekodi hata moja ya mgonjwa, naona mikono yao pamoja na wake.

Kila alichokifanya kimeandikwa kwenye daftari: distro gani, toleo gani, faili gani liliguswa na lilikuwaje kabla. Faili la asili hunakiliwa kwanza, na tarehe kwenye jina lake. Nakala ya hifadhidata hutolewa kwa "mysqldump", huwekwa kwenye flashi, kisha hurejeshwa kwenye mashine tupu kuthibitisha kwamba inafunguka.

Mwisho hufanya jambo linalowashtua wenye ofisi: huchomoa waya wa umeme seva ikiwa inafanya kazi. Huurudisha, haigusi kibodi, na hungoja ukurasa ufunguke kwenye simu yake. "systemctl --failed" isionyeshe huduma hata moja iliyoanguka. Akiridhika hurudia tena, na safari hii humpa mwenye ofisi auchomoe yeye, kwa kuwa siku itakapotokea kweli, fundi atakuwa Nyanza-Lac.