Mfongo: maji yanavyofikishwa mgongoni

Katika vijiji vya Uchagani, miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, mto husikika chini kabisa korongoni, lakini maji yanapita juu mgongoni mwa kilima, kando ya vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba. Hakuna pampu. Maji hayo hayakupanda popote. Yameteremka njia nzima, ila polepole kuliko mto wenyewe.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mto unashuka mita 10 katika kila mita 100, nao mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, unashuka mita 1 tu. Baada ya kilometa moja, mfongo utakuwa mita 90 juu ya mto. Ndiyo maana wachimbaji walikwenda kutafuta mahali pa banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji ya mto, mbali huko juu, wakaupitisha mfereji ubavuni mwa korongo hadi ukaibukia mgongoni. Ukishafika hapo, maji yanaweza kufunguliwa kulia au kushoto, na pande zote mbili zikanywa. Palipokatwa na kijito, yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa matumbo. Wageni wa Ulaya waliofika karne ya 19 waliikuta kazi hii imekwisha kukomaa.

Ugumu uko kwenye mteremko. Ukizidi, maji yanakula sakafu ya mfereji. Ukipungua, tope linajaa, na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua hauishi.

Kuna tatizo jingine: mfereji wa udongo unavuja. Maji kidogo yakiachwa yajiendee, ardhi inayanywa kabla hayajafika kwa mtu wa mwisho. Dawa yake ni nduwa, bwawa dogo linalokusanya maji usiku. Asubuhi likifunguliwa, mkondo unatoka na nguvu, unafika mbali, na zamu ya kila mmoja inakuwa na maji ya maana.

Sehemu ninayoistahi kuliko zote ni ile inayodharauliwa zaidi: banio la mawe, vigogo vya migomba, majani na udongo. Mvua za masika zikileta gharika, linabomoka, na mafuriko yanabaki mtoni badala ya kuingia mferejini na kuupasua. Wakati wa kiangazi linavujisha, kwa hiyo watu wa bondeni nao wanapata. Kulijenga upya ni kazi, tena ya kila mwaka, lakini kazi hiyo ndiyo bei ya usalama wa mfereji mzima.

Banio la zege linaondoa adha hiyo. Lakini lisipochorwa vizuri, linaweza kuumeza mto wote wakati wa ukame, na mafuriko yakija likayaelekeza mferejini. Kwa hiyo anayejenga kwa saruji aweke lango la kufunga mfereji wakati wa gharika, na mwanya wa kudumu wa kuuachia mto maji yake. Upana wa mwanya huo wakubaliane watu wa juu na wa chini kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.