Tarehe Zinazotisha: Jinsi Lovecraft Alivyoijenga "The Call of Cthulhu"

Usiku wa tarehe 28 Februari 1925 ardhi ilitetemeka huko Charlevoix, katika jimbo la Quebec, Canada, na mtikisiko wake ukasikika hadi majimbo ya New England nchini Marekani. Ni tukio la kweli, limo katika kumbukumbu za wataalamu wa matetemeko. Mwaka uliofuata, H. P. Lovecraft, mwandishi wa mji wa Providence, aliketi kuandika hadithi ya kutisha na akalifanya tetemeko hilo jiwe lake la msingi. Hadithi yenyewe, "The Call of Cthulhu", ilikataliwa mara ya kwanza na Farnsworth Wright, mhariri wa jarida la Weird Tales, kisha ikachapishwa humo humo Februari 1928.

Weird Tales lilikuwa moja ya yale majarida ya bei rahisi yaliyochapwa kwenye karatasi duni na kujaa katika vibanda vya magazeti vya Marekani enzi hizo. Kila jarida lilikuwa na mteja wake. Aliyetaka upelelezi wa bastola na makonde alinunua Black Mask. Aliyetaka mizimu, laana na maiti zinazotembea alinunua Weird Tales. Wasomaji wa majarida hayo walitaka jambo litokee, na litokee upesi. Lovecraft akawaletea hadithi ambayo mhusika wake mkuu hapigani na mtu, wala dubwana lenyewe, Cthulhu, halioni hata mara moja. Kazi yake kubwa ni kusoma karatasi. Hata hivyo ni miongoni mwa hadithi za kutisha zenye nguvu kuliko zote zilizotoka katika majarida yale, na nguvu hiyo ina ufundi unaoweza kuelezwa. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaoitaja hadithi hii humtaja pweza mwenye mbawa, ndiye dubwana hilo, na kwa maoni yangu pweza huyo ndiye sehemu yake dhaifu.

Ufundi unaanza kabla ya sentensi ya kwanza. Chini ya kichwa cha hadithi kuna kijimstari kinachosema kwamba maandishi haya yalikutwa katika nyaraka za marehemu Francis Wayland Thurston wa Boston. Matoleo mengi ya baadaye yamekiacha kijimstari hicho, nayo ni hasara kubwa. Msomaji akishajua kwamba msimuliaji amekufa, kila ukurasa unabeba swali ambalo msimuliaji mwenyewe hawezi kulijibu: amekufaje?

Thurston amerithi kasha la nyaraka za babu yake mdogo, George Gammell Angell, profesa wa lugha za Kisemiti katika Chuo Kikuu cha Brown, aliyekufa ghafla baada ya kusukumwa na baharia njiani. Ndani ya kasha mna kibao cha udongo chenye mchoro wa kiumbe cha ajabu, na rundo la maandishi. Kuanzia hapo hadithi inakwenda kwa majalada matatu. La kwanza linamhusu Wilcox, kijana mchongaji sanamu wa Providence, aliyeanza kuota miji mikubwa ya mawe yanayotona maji usiku ule ule wa tetemeko. La pili linamhusu Inspekta Legrasse wa polisi wa New Orleans, ambaye Novemba 1907 alivamia ibada ya siri katika kinamasi na kukamata sanamu, kisha mwaka 1908 akaipeleka kwenye mkutano wa wanaakiolojia mjini St. Louis kuuliza ni kitu gani. La tatu ni la Gustaf Johansen, baharia wa Norway, mtu pekee aliyerudi hai kutoka kisiwa ambacho hakimo katika ramani yoyote.

Mchongaji, polisi, baharia. Hawajuani wala hawajawahi kukutana. Kila mmoja ana kipande chake na hajui maana ya kipande alichonacho. Mtu pekee katika hadithi nzima anayeeleza mambo kwa ukamilifu ni mzee Castro, mfungwa aliyekamatwa kinamasini, naye ndiye asiyeaminika: ni mzee, ni mshirika wa ibada, na polisi wanaona ana kichaa. Hapa ndipo ninapouona ustadi mkubwa. Mwandishi wa kawaida angeuweka ufafanuzi wote katika kinywa cha mwanazuoni mwenye miwani, msomaji akaupokea kama somo la darasani. Lovecraft ameuweka katika kinywa tunachokidharau, akatuacha tuudharau, kisha ushahidi wa watu wanaoaminika ukaja mmoja mmoja kuuthibitisha.

Tazama pia umbali wa sauti hiyo. Castro alimweleza Legrasse, Legrasse akamweleza Angell, Angell akaandika, Thurston akasoma, nasi tunamsoma Thurston. Wasomi wetu wa pwani, waliolelewa katika kupima isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa habari, wataitambua mara moja kazi ya mnyororo wa namna hii: kila jina lina cheo chake, mahali pake na mwaka wake, na uzito wa habari hutokana na uimara wa watu walioibeba.

Sasa tuje kwenye tarehe. Wilcox anaanza kuota usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1925. Kwa wiki tatu anamletea profesa ndoto zake. Tarehe 23 Machi haonekani: ameshikwa na homa ya ajabu, anapayukapayuka. Tarehe 2 Aprili, kama saa tisa alasiri, homa inakatika ghafla, anaketi kitandani, hakumbuki lolote, na tangu hapo ndoto zake ni za kawaida. Profesa anayaandika haya bila kujua ayafanyie nini. Msomaji naye anayapita kama maelezo ya mgonjwa.

Kurasa nyingi zinapita. Kisha Thurston, akiwa kwa rafiki yake anayetunza jumba la makumbusho huko Paterson, New Jersey, anaona gazeti kuukuu la Sydney lililotandikwa chini ya mawe. Ni la tarehe 18 Aprili 1925. Lina habari ya merikebu iitwayo Emma iliyotoka Auckland tarehe 20 Februari, ikapeperushwa kusini na dhoruba kubwa ya tarehe 1 Machi. Tarehe 22 Machi ikakutana na meli ndogo ya mvuke, Alert, yenye mabaharia wakatili, wakapigana. Siku ya pili yake watu wa Emma walioshinda wakatua katika kisiwa kisichojulikana, na sita wakafia huko. Tarehe 2 Aprili dhoruba nyingine. Tarehe 12 Aprili Alert ikaokotwa ikielea na mtu mmoja hai na maiti moja.

Rudi sasa kwa Wilcox. Machi 1. Machi 23. Aprili 2. Tarehe hizo hizo, nusu ya dunia mbali. Lovecraft hakusahau hata mstari wa kimataifa wa tarehe: Machi mosi ya bahari ile ndiyo Februari 28 ya Marekani, usiku wa tetemeko la Quebec ambalo msomaji wa mwaka 1928 huenda alilisikia kwa miguu yake mwenyewe. Thurston atakuja kuuliza maswali juu ya tarehe hizo moja baada ya jingine, lakini msomaji makini amekwisha kufika kabla yake. Damu haijamwagika mbele ya macho yetu. Kilichotokea ni hesabu mbili kulingana, na kichwa chetu ndicho kilichozilinganisha.

Huu ni ufundi wa hadithi ya upelelezi, umegeuzwa ndani nje. Mpelelezi huunganisha vipande ili giza liondoke. Muuaji akitajwa, mji unapumua. Thurston anaunganisha vipande kwa bidii ile ile, na kila kiungo kinamwongezea giza. Ndiyo maana bahati ya gazeti la Paterson haiudhi. Katika upelelezi, dalili inayomwangukia mpelelezi bila kuitafuta ni kasoro, kwa kuwa inampunguzia kazi. Hapa bahati hiyo inamwangamiza anayeipata, na hakuna msomaji anayelalamika mhusika akisaidiwa kuelekea shimoni.

Jambo jingine ambalo waandishi wengi wa kutisha hulikosa: Thurston haamini. Anashuku kwamba Wilcox alisikia habari za ibada ile mahali fulani, akatunga ndoto ili amchezee mzee. Profesa alipowaandikia watu wengi kuwauliza kuhusu ndoto zao za majira yale, majibu yakaja kwa mpangilio wa kushangaza: watu wa kawaida karibu hawakuota lolote, wanasayansi waliota kidogo, ila washairi na wasanii waliota mji ule ule. Thurston anajibu papo hapo kwamba huenda maswali ya profesa ndiyo yaliyowaongoza. Anakwenda kumhoji Wilcox katika jengo la Fleur-de-Lys, mtaa wa Thomas mjini Providence, jengo halisi ambalo bado lipo. Anatoka akiamini kijana ni mkweli, lakini bado anatafuta maelezo ya kidunia. Msomaji mwenye shaka anamkuta wakili wake ndani ya hadithi. Wakili huyo anaposhindwa, baada ya kusafiri hadi Dunedin, Sydney na hatimaye Oslo, msomaji naye hana pa kukimbilia.

Huko Oslo, Johansen amekwisha kufa, kafa kifo cha mtaani kinachofanana mno na cha profesa. Mjane wake anatoa maandishi aliyoyaacha mumewe kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye haisomi. Baharia alimkinga mkewe kwa kuandika katika lugha asiyoijua: kitendo kidogo cha mapenzi, na ndicho kinachonigusa kuliko yote katika hadithi hii.

Katika maandishi ya Johansen kuna kisiwa, na kwenye kisiwa kuna mlango mkubwa ambao mabaharia wanashindwa kukubaliana kama umelala chini kama wa shimo au umeinama kama wa ghala la chini ya nyumba. Sentensi hiyo moja inatosha. Macho ya mtu yakishindwa kujua mlango umelala au umeinama, ulimwengu mzima umelegea. Kisha mlango unafunguka, dubwana linatoka, na kwangu hadithi inashuka. Johansen anaigeuza Alert na kulipiga dubwana kwa omo ya meli, linapasuka, kisha linaanza kujiunga tena. Ni tukio la jarida la bei rahisi, na pengine mhariri alilihitaji. Kitu tulichokihofia kwa hesabu na ramani sasa kina mwili, na chenye mwili hupigika.

Lipo doa zito zaidi, na msomaji Mwafrika hana sababu ya kulipita kimya. Waabudu wa kinamasini na mabaharia wa Alert wameelezwa kwa kashfa kama watu weusi na machotara, na damu yao mchanganyiko inatajwa kana kwamba yenyewe ni ushahidi. Aliyemsukuma profesa ni baharia mweusi. Ubaguzi wa Lovecraft unajulikana na barua zake zimejaa nao. Ni uovu, na pia ni kushindwa kwa ufundi. Mwandishi aliyedai tarehe, mahali na shahidi kwa kila jambo, hapo hadai chochote. Rangi ya ngozi inachukua nafasi ya ushahidi. Jengo lake lina ufa mahali pale pale palipo na chuki yake.

Mwandishi Mmarekani mweusi Victor LaValle aliingia kupitia ufa huo. Katika The Ballad of Black Tom, kitabu cha mwaka 2016, alichukua hadithi nyingine ya Lovecraft yenye chuki zaidi, "The Horror at Red Hook", akaisimulia upya kupitia kijana mweusi wa Harlem, Charles Thomas Tester. Mpelelezi Mzungu anampiga risasi baba wa Tester na kudai alidhani gitaa ni bunduki. Baada ya hapo msomaji anaelewa ni kwa nini mtu angekuwa tayari kuliamsha dubwana. LaValle amerudisha kile Lovecraft alichokiruka: sababu.

Sisi tunayo njia yetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichotoka 1960, alianza na maiti iliyokutwa mahali panapoogopwa na watu, akamleta Bwana Msa na kiko chake kutafuta mkono wa binadamu. Kwake hofu ya mzimu inayeyuka mbele ya hoja, na ni furaha kuisoma ikiyeyuka. Lakini hadithi za kutisha za Kiswahili zinazokwenda upande wa pili, ambapo hoja yenyewe ndiyo inayoifikia hofu, ni chache mno. Nyingi huanza na jini kwenye ukurasa wa kwanza na kuongeza majini hadi wa mwisho.

Nawaomba waandishi vijana waisome "The Call of Cthulhu" wakiwa na kalamu na karatasi yenye safu mbili. Upande mmoja waandike tarehe za Wilcox, upande wa pili tarehe za Emma, kila moja pale inapotokea. Kisha waihesabu mistari ambayo dubwana linaonekana, walinganishe.