Kambale wa Tunduru na jina tusiloweza kulisoma

Nilipokwenda likizo nyumbani Tunduru, mpwa wangu alinipokea na mdoli mkononi. Mama yake alimpata sokoni, kwenye rundo la midoli ya mtumba, pamoja na gari lililopungukiwa tairi moja. Kiumbe mwenye mapezi, rangi kati ya bluu na kijani, kashika silaha kubwa kuliko mkono wake, kasimama juu ya kitako cha plastiki cha kijani. Mtoto kampa jina la Kambale.

"Mjomba, huyu ni nani kwenye katuni?"

Nilimjua, ingawa hatoki kwenye katuni aliyoifikiria yeye. Anaitwa Gill Grunt. Ametoka kwenye gemu la Skylanders: Spyro's Adventure la kampuni ya Activision, lililotoka mwaka 2011. Gemu hilo liliuzwa na kisahani kinachounganishwa na mashine. Ukimweka mdoli juu ya kisahani, mhusika wake anatokea kwenye runinga, unamchezesha. Ukimwondoa, naye anatoka kwenye gemu.

Sasa usije ukadhani kuna betri ndani ya Kambale. Hakuna. Kwenye kitako kuna chipu ndogo na waya mwembamba uliovingirishwa. Kisahani nacho kina waya wake, na umeme unapita humo ukibadili mwelekeo, mizunguko milioni 13.56 kila sekunde. Umeme huo unazaa uga wa sumaku unaobadilikabadilika, na uga ukipita kwenye waya wa mdoli unazalisha humo umeme kidogo, unaotosha kuiamsha chipu. Kama umewahi kugusisha N-Card kwenye geti la kivuko cha Kigamboni, umeshafanya jambo la ukoo huohuo.

Kujibu ndiyo sehemu tamu. Chipu haina nguvu ya kurusha mawimbi yake yenyewe, kwa hiyo inachezesha kiasi cha umeme inachovuta: mara inavuta zaidi, mara kidogo. Chukulia nyumba mbili zinazotumia bomba moja la maji. Jirani akifungua na kufunga koki yake, wewe kwako unaona maji yanapungua na kuongezeka. Mkikubaliana mapema maana ya kila mpigo, mnaweza kuzungumza kwa bomba. Ndivyo mdoli anavyoongea na kisahani, akiwa umbali wa sentimita chache tu.

Na anasema nini? Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliobuni Skylanders. Chipu yao ni ya aina ya MIFARE Classic, yenye nafasi ya baiti 1,024. Ni ndogo mno, picha moja ya WhatsApp inaizidi mara nyingi. Lakini humo waliweka mambo ya maana: kiwango alichofikia mhusika, dhahabu aliyokusanya, hata jina la utani alilopewa na mwenyewe. Yaani kumbukumbu ya mchezo inakaa kwa mdoli, mashine inabaki kuwa uwanja tu. Mtoto alimtia mdoli wake mfukoni, akaenda kwa jirani mwenye mashine ya kampuni nyingine kabisa, akaendelea palepale alipoishia. Gemu chache zimewahi kumheshimu mtoto kiasi hicho.

Kilichonikera ni kufuli. Dunia ya gemu lile imegawanywa kwa asili nane: maji, moto, uhai na nyinginezo. Kuna milango inayofunguka tu ukiwa na mdoli wa asili husika. Kifurushi cha kuanzia, kilichouzwa Marekani kwa karibu dola 70, kilikuwa na midoli mitatu ya asili tatu. Sehemu za zile tano zilizobaki zilikuwa tayari zimo kwenye diski uliyoilipia! Ni sawa na kununua nyumba ya vyumba nane ukakabidhiwa funguo tatu, nyingine ukazitafute dukani, moja moja. Utaniambia mdoli una gharama zake, plastiki na rangi si bure. Kweli. Ila mtoto aliyekwama mlangoni hakuwa anaombwa anunue plastiki. Alikuwa anaombwa ruhusa ya kuingia.

Biashara ililipa, tena sana: kufikia 2015 Skylanders ilikuwa imeingiza zaidi ya dola bilioni 3. Wengine wakakimbilia. Disney Infinity ikaja 2013, amiibo za Nintendo 2014, LEGO Dimensions 2015. Zote zilitumia masafa yaleyale ya 13.56, lakini mdoli wa Disney ukimweka kwenye kisahani cha Skylanders hafanyi kazi. Fizikia haikuwazuia, waliamua wenyewe. (Donkey Kong na Bowser wa mwaka 2015 walifanya kazi Skylanders na pia kama amiibo, kwa kuzungusha kitako. Kumbe iliwezekana.) Halafu soko likachoka. Disney ikafunga duka Mei 2016, LEGO mwaka uliofuata, na gemu kubwa la mwisho la Skylanders kwa mashine za nyumbani lilitoka 2016. Amiibo ndizo zilizobaki zinadunda.

Midoli yenyewe haikwenda popote. Plastiki ile haiozi leo wala kesho. Ikaingia kwenye maboksi, maboksi kwenye makontena, na mmoja wao akafika Tunduru, ambako mpwa wangu hana kisahani, mashine wala diski.

Simu yangu ina NFC, teknolojia ya familia hiyohiyo. Nikaigusisha kwenye kitako cha kijani, mtoto kainama kiasi kwamba kichwa chake kilinizibia kioo. Simu ikalia. Kambale yu hai! Ikaonyesha aina ya chipu na namba yake ya utambulisho. Yaliyobaki yamefungwa kwa namba za siri ambazo programu yangu haina. Kufuli lenyewe si imara hivyo: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha jinsi usimbaji wa chipu hizi unavyovunjwa, wakati ambapo kadi za usafiri za Oyster za London zilikuwa zinautumia huohuo. Watengenezaji wa chipu walikwenda mahakamani kuzuia makala isichapishwe, wakashindwa. Kwa hiyo wapo wenye vifaa vya kulifungua. Sisi pale barazani hatukuwa navyo.

Nikamweleza mpwa wangu kwamba humo ndani huenda kuna jina ambalo mtoto mwingine, nchi nyingine, alimpa Kambale. Alinyamaza kidogo.

"Litakaa humo mpaka lini?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwenye semina. Jina hilo ni elektroni zilizonaswa ndani ya vijumba vidogo sana vilivyozungushiwa ukuta usiopitisha umeme. Ukuta haukamiliki, elektroni zinavuja polepole, na joto linaziharakisha. Waliotengeneza chipu za aina hii huahidi miaka 10 ya kutunza kumbukumbu. Ikizidi hapo ni bahati. Mdoli wa 2011 ameshaishi zaidi ya ahadi yake, na jua la Tunduru unalijua.

Akaniuliza kama tunaweza kufuta lile jina tuandike "Kambale". Nikamwambia hapana, simu hii hairuhusiwi kuandika humo. Akaenda ndani, akarudi na msumari, akakaa kwenye ngazi akaanza kukwaruza kitako. Herufi ya K ilichukua muda, plastiki ile ni ngumu. Alipomaliza, akanipa nipime tena. Simu ikalia, ikaonyesha namba ileile.