Kasoro Kitako

Gorogoro: kopo la kilo mbili, kasoro kitako.

Aliyewahi kununua mahindi katika soko lolote la Eldoret hahitaji maelezo zaidi. Gorogoro ni lile kopo tupu la mafuta ya kupikia, lebo imebambuka, na kitako kimegongwa kwa ndani kikawa kilima. Muuzaji analijaza hadi punje zinamwagika juu, kwa ukarimu usio na shaka, huku kule chini kilima kikimfanyia kazi kimyakimya. Maneno sita yamebeba kopo, biashara na hasira ya miaka mingi, bila hasira yenyewe kutajwa.

Fasili hiyo niliisikia kwa mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu sokoni. Aliitamka kwa sauti ya mtu anayesoma kamusi darasani. Mama aliyekuwa akipima hakuinua macho: "Mzee, kitako nitakufungia kando."

Ufundi uko hapo. Angesema gorogoro ni wizi mtupu, angekuwa amelalamika tu, na kamusi hailalamiki. Fasili ya mzaha lazima ivae koti la mwalimu: itaje kitu, itaje aina yake, kisha ifike kwenye tofauti, na tofauti ndiyo ichome. Neno "kitako" likitangulia, utani umekufa.

Mmarekani Ambrose Bierce alichapisha fasili za namna hii magazetini kwa miaka mingi, akazikusanya kitabuni mwaka 1906. Toleo la 1911 ndilo lililopewa jina The Devil's Dictionary. Ni fundi, sikatai. Lakini Bierce aliandika mezani, na waliofafanuliwa hawakuwa na nafasi ya kujibu. Eldoret fasili hutolewa mbele ya mhusika mwenyewe, na kipimo chake ni kimoja: je, naye amecheka?

Ndiyo maana steji za matatu ni karakana nzuri. Makanga anaita "wawili wa mwisho!" na abiria aliyekwisha kaa dirishani anafasiri: "Wawili wa mwisho: wale watano." Iangalie hiyo hesabu. Mwanagenzi angesema hamsini, na angechekwa yeye, kwa kuwa gari lenyewe ni la watu kumi na wanne. Watano ni idadi ya mtu aliyegeuka, akahesabu viti vitupu, ndipo akafungua mdomo. Chumvi kidogo kuliko unavyodhani.

Na kuna hii, ambayo kwangu ndiyo bora ya steji zote: "Abiria: mtu anayebaki garini injini ikiwashwa." Asiyesafiri sana ataona ni maneno ya kawaida. Msafiri anawajua wale vijana wanaolipwa kukaa vitini ili gari lionekane limejaa, ambao hushuka mmoja mmoja kila tikiti inapouzwa, huku wewe ukiendelea kusubiri. Fasili haiwataji kabisa. Imewatoa nje kwa kumfafanua mwingine.

Wanariadha nao wana yao. Huu ni upande ambao Eliud Kipchoge hufanyia mazoezi Kaptagat, kisha Oktoba 2019 akaenda Vienna akakimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40. Kwa hiyo "mbio nyepesi" isingeweza kubaki na maana ya vitabuni. "Mbio nyepesi: kasi ambayo mgeni huijaribu mara moja." Ni "mara moja" inayoibeba.

Tangu Eldoret ipewe hati ya jiji Agosti 2024, watu wamekuwa wakilifanyia kazi neno hilo. Fasili nyingi nilizosikia ni manung'uniko ya mashimo na takataka, hazijaiva. Moja imenikaa: "Jiji: mji uleule, baada ya hotuba." Ni nzuri, ila bado haijasemwa mbele ya mwenye hotuba.